Mchoraji wa Waimbaji: Maisha ya Henri de Toulouse-Lautrec

Hebu nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Ukifungua jarida lenye makala ya mwanamuziki, jicho lako hukimbilia wapi kwanza? Usinidanganye ati unaanza na aya ya kwanza. Wewe, mimi, na hata mwalimu wa zamu, sote tunatazama picha. Tunaangalia msanii amevaa nini, amesimama vipi, amecheka au amenuna, na jina lake limeandikwa kwa herufi za namna gani. Tukisharidhika ndipo tunasoma, na hapo tunasoma tukiwa tayari tumeambiwa na picha kama tumpende mtu huyo au tumcheke. Jarida halina sauti. Ukiliweka sikioni husikii wimbo. Picha na mpangilio wa ukurasa ndivyo vinavyofanya kazi ya ngoma na kinanda.

Mtu ninayetaka kuwasimulia maisha yake aliyajua haya zaidi ya miaka 120 iliyopita, zama ambazo mwimbaji alisikika na waliokuwa ukumbini tu. Huyu si mwingine ila Henri de Toulouse-Lautrec, Mfaransa. Mwalimu wetu wa sanaa alipomtaja darasani, nusu ya darasa ilicheka urefu wa jina. Mimi nilivutiwa na jambo jingine kabisa: kwamba mtu ambaye miguu yake iliharibika tangu utotoni, asiweze kucheza dansi hata hatua mbili, ndiye aliyewachora wachezaji dansi na waimbaji wa mji wake hata leo hatuwezi kuwawaza ila kwa macho yake.

Alizaliwa tarehe 24 Novemba 1864 katika mji wa Albi, kusini mwa Ufaransa. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wakubwa, wenye majumba ya kifahari, mashamba na farasi. Baba yake, mwinyi Alphonse, alikuwa mtu wa vituko, mpenda uwindaji na mavazi ya ajabu. Mama yake, Adèle, alikuwa mpole na mcha Mungu. Wazazi hawa wawili walikuwa binamu, mama zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Katika koo kama zile ilikuwa kawaida kuoana hivyo ili mali isitoke nje. Walipata mtoto wa pili, Richard, lakini alifariki mwaka 1868 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Henri akabaki peke yake, jicho la mama.

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 13, aliteleza alipokuwa akiinuka kutoka kwenye kiti kifupi, akaanguka, mfupa wa paja la kushoto ukavunjika. Mwaka uliofuata alikuwa akitembea na mama yake, akatumbukia kwenye mtaro, la kulia nalo likavunjika. Zilikuwa ajali ndogo sana, za mtoto kuinuka na kujipangusa vumbi. Kwa Henri ndizo zilizoamua maisha yake yote. Kiwiliwili kiliendelea kukua kama cha mtu mzima, miguu ikabaki ya mtoto. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa kama mita moja na nusu, na fimbo haikutoka mkononi mwake hadi alipokufa. Madaktari wa siku hizi wengi hudhani kwamba alikuwa na ugonjwa wa mifupa wa kurithi, uliotokana na ule ukaribu wa damu wa wazazi wake.

Miezi mingi alikuwa amelazwa kitandani, na kitandani mtu afanye nini? Alichora. Alichora farasi, mbwa, makuli wa mazizini, mabaharia, kila kitu. Baba alitaka mwana wa kupanda farasi naye, akapata mwana wa kuchora farasi. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa rafiki wa familia, René Princeteau, mchoraji wa farasi ambaye alikuwa kiziwi. Mara nyingi huwaza juu ya wawili hao, mmoja asiyesikia na mwingine asiyeweza kukimbia, wamekaa wakitazama farasi wakipita mbio. Nadhani hapo ndipo Henri alipojifunza kutazama mwendo kwa macho ya mtu ambaye hana la kufanya ila kutazama.

Mwaka 1882 alihamia Paris kusomea uchoraji, kwanza kwa Léon Bonnat kisha kwa Fernand Cormon. Kwa Cormon ndiko alikokutana na Vincent van Gogh mwaka 1886, na mwaka uliofuata akamchora ameketi mbele ya gilasi yake mkahawani. Lakini masomo ya Cormon siyo yaliyomtengeneza. Kilichomtengeneza ni mtaa wa Montmartre.

Montmartre ni kilima kilicho kaskazini mwa Paris. Siku hizo kodi za nyumba zilikuwa nafuu, kwa hiyo kilijaa vibarua, wafua nguo, wachoraji wasio na senti, na kumbi za starehe za kila namna. Kulikuwa na mikahawa ya nyimbo, ambako watu waliketi mezani wakinywa huku waimbaji wakipokezana jukwaani. Hakukuwa na kipaza sauti. Taa za jukwaa ziliwekwa chini, miguuni pa mwimbaji, kwa hiyo mwanga ulimpiga kutoka chini kwenda juu: kidevu kinang'aa, pua inatupa kivuli kuelekea kwenye paji la uso, macho yanaonekana kama mapango. Ukiona nyuso za Lautrec ukadhani alikuwa akiwadhihaki watu, kumbuka taa hizo. Nusu ya vituko ni vya taa, si vya kalamu yake.

Mmoja wa waimbaji hao alikuwa Aristide Bruant. Mwaka 1885 Bruant alifungua kilabu chake, Le Mirliton, na wateja walikuja kutukanwa. Naam, kutukanwa! Matajiri walipoingia aliwarushia maneno ya shombo, nao wakafurahi na kulipa. Kisha aliimba nyimbo za makabwela, za wezi na za wasichana wa mitaani. Kilabu hicho kilikuwa na gazeti lake la jina lilo hilo, lenye nyimbo za Bruant na michoro. Mwaka 1886 gazeti hilo lilichapisha mchoro wa Lautrec. Kwa kuwa baba yake hakutaka jina tukufu la ukoo lionekane katika mambo ya vilabu, Henri aligeuzageuza herufi za Lautrec akapata Tréclau, akatia sahihi hiyo. Kwa maoni yangu gazeti lile dogo la nyimbo lilikuwa shule yake halisi. Huko alijifunza kwamba mchoro ulio kando ya wimbo hauna nafasi ya kueleza kila kitu. Wimbo unaeleza. Mchoro unashika mtu shati ili asimame.

Basi tufike mwaka 1891. Ukumbi wa Moulin Rouge, maana yake kinu chekundu, ulikuwa umefunguliwa miaka miwili kabla, nao ulitaka bango jipya. Kazi akapewa Lautrec, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza bango hata moja. Hapa inanibidi nieleze kidogo namna mabango yalivyochapishwa, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini kazi yake inaonekana vile.

Mabango yalichapishwa kwa mawe. Mchoraji alichora juu ya jiwe la chokaa lililolainishwa, akitumia chaki au wino wenye mafuta. Kisha jiwe lilitiwa maji, halafu likapitishiwa wino. Sote tunajua mafuta na maji hayapatani: wino ulishika pale palipo na mafuta tu, kwingine ukakataa. Karatasi ikikandamizwa juu, mchoro unahamia. Lakini kila rangi ilihitaji jiwe lake. Rangi nne, mawe manne, na kila moja likosee kidogo tu, midomo ya mtu inahamia shavuni. Kwa hiyo rangi zilikuwa gharama, na mchoraji alilazimika kuchagua. Lautrec hakulalamika juu ya uchache huo, aliutumia. Alipenda picha za Kijapani, ambazo wachoraji wengi wa Paris walikuwa wakizikusanya, na kwazo alijifunza kutandaza rangi moja bila vivuli, kuacha mahali patupu, na kumkata mtu katikati kwenye ukingo wa karatasi kana kwamba amepita tu. Alipotaka ukungu wa rangi, alichovya mswaki katika wino akaurushia jiwe matone madogomadogo. Mswaki wa meno, jamani!

Bango la Moulin Rouge lilikuwa refu kuliko yeye mwenyewe. Katikati yuko mchezaji maarufu Louise Weber, aliyejulikana kwa jina la La Goulue, akirusha mguu juu, sketi yake nyeupe kwa kuwa ni karatasi tupu. Mbele yake, karibu sana nasi, kivuli kikubwa cha kijivu cha mwenzake Valentin, kofia na pua na kidole gumba. Nyuma, watazamaji wote ni weusi tititi, hawana sura. Juu, jina la ukumbi limeandikwa mara tatu, lakini herufi M ni moja tu kubwa inayotumika kwa mistari yote mitatu. Hebu jaribu kulitazama jina hilo bila kusikia watu wakilipaza sauti mara tatu. Nakala kama 3,000 zilibandikwa mjini mwezi Desemba 1891, na Lautrec akawa mtu mashuhuri kwa usiku mmoja. Watu waliokusanya mabango walikuwa wakiyabandua ukutani gundi ingali mbichi.

Mwaka 1892 Bruant alialikwa kuimba katika ukumbi wa Ambassadeurs, ukumbi wa wenye pesa. Akamwomba Lautrec bango. Mwenye ukumbi alipoliona alichukizwa, hakutaka libandikwe. Bruant akaweka sharti: bango lisipokuwa ukumbini, yeye hapandi jukwaani. Mwenye ukumbi akasalimu amri. Lina nini bango lenyewe? Kofia nyeusi pana, skafu nyekundu, joho jeusi, fimbo, na uso wenye kiburi. Hakuna zaidi. Mwaka uliofuata alimchora Bruant amegeuza mgongo kabisa, na bado kila mtu alimjua.

Nikirudi nyumbani jioni, maana sisi ni wa shule ya kutwa, huwa nasimama stendi nikingoja matatu zipungue watu, na kazi yangu ni kutazama waimbaji waliochorwa ubavuni mwa magari. Mchoraji wa matatu anajua kwamba utamwona msanii kwa sekunde chache tu gari linapopita. Hivyo hahangaiki na kila unywele. Anachagua miwani, au kofia, au jino la dhahabu, anakikuza hicho. Sijui kama amewahi kusikia habari za Bruant, lakini shida yao ni ileile.

Turudi Paris. Mwaka 1893 ulikuwa wa mchezaji Jane Avril. Huyu alikuwa na historia ya kusikitisha. Alipokuwa msichana mdogo alitoroka kwao kwa sababu ya kipigo cha mama, akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipotoka akawa mchezaji, mwembamba, mwenye uso wa huzuni hata mguu ukiwa juu. Katika bango lake, Lautrec aliweka mbele mkono wa mpiga muziki ukishika shingo ya fidla kubwa ya besi, na shingo hiyo ikapinda ikawa mstari unaozunguka bango zima kama fremu. Yaani Jane anacheza ndani ya ala ya muziki. Mimi nililitazama bango hilo mara tatu kabla sijaona kwamba fremu inatoka kwenye fidla. Mwaka huohuo alimchora tena Jane kwenye jalada la toleo la picha za kuchapwa, safari hii amevaa kofia na koti la heshima, amesimama katika kiwanda cha uchapishaji akikagua karatasi iliyotoka mashineni, na nyuma yake mzee wa mashine anaendelea na kazi. Wengine walimchora mchezaji kama kitu cha kutazamwa. Yeye alimchora akitazama.

Kufikia hapo wahariri wa majarida walikuwa wakimtafuta. Mwaka 1893 yeye na mwenzake Henri-Gabriel Ibels walitoa mkusanyiko wa michoro juu ya mikahawa ya nyimbo, kila mmoja michoro 11, na maelezo ya Georges Montorgueil. Jarida la Figaro illustré nalo lilichapisha makala za Gustave Geffroy juu ya starehe za Paris, zikiwa na picha za Lautrec. Desturi ya siku zile ilikuwa picha ikae katika kisanduku chake na maandishi yakae katika safu zake, kama wanafunzi wanaofanya mtihani, kila mmoja dawati lake. Lautrec na Geffroy walivunja desturi hiyo walipofika kwa Yvette Guilbert, na hapa ndipo kisa changu kinapokolea.

Yvette alizaliwa mwaka 1865 katika umaskini, akashona nguo, akauza dukani. Hakuwa mrembo kama walivyotaka watu wa zama zile: alikuwa mrefu, mwembamba kama ufito, kifua tambarare, pua ya kuchongoka. Wala hakuwa na sauti kubwa. Alichokuwa nacho ni ulimi na akili. Alisimama tuli, mikono imeshuka, akatamka maneno ya wimbo kwa kuyang'ata mojamoja hadi watu wakashika mbavu au wakatoa machozi. Alivaa gauni la kawaida na glavu nyeusi ndefu zilizopita kiwiko. Glavu nyeupe ndizo zilizokuwa za wenye uwezo, lakini nyeusi zilikuwa rahisi na hazikuonyesha uchafu. Umaskini ndio uliozichagua. Baadaye zikawa ndiyo bendera yake.

Mwaka 1894 Lautrec alimpelekea mchoro wa bango. Yvette alishtuka. Shingo ilikuwa ndefu, pua imeinuka, midomo imepakwa rangi mpaka inatisha. Alimrudishia jibu la adabu, akamwambia ana bango jingine, na akamsihi kwa jina la Mungu asimfanye mbaya kiasi hicho. Bango halikuchapishwa. Kazi ikaenda kwa mchoraji mwingine, Steinlen, ambaye alimtengeneza vizuri na kila mtu akaridhika.

Lautrec hakununa. Mwezi Agosti mwaka huohuo alitoa pamoja na Geffroy albamu nzima juu yake, michoro 16, iliyochapwa nakala 100 tu. Wote wawili, mwandishi na mchoraji, waliingia katika ukurasa mmoja. Michoro ilichapwa kwa rangi ya kijani cha zeituni, na maandishi yakaizunguka. Unasoma sentensi ya Geffroy, pembeni mkono wa Yvette unaingia. Unageuza ukurasa, kichwa kimechungulia juu, kwingine karatasi ni tupu. Mwisho anainama kuaga, mkono umeshika pazia. Ni kama jioni moja ukumbini tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe msomaji ndiye unayefungua pazia kwa kidole chako. Na je, jaladani yuko nani? Hayuko mtu. Ziko glavu mbili nyeusi, zimetupwa tu, zinaning'inia kama zimechoka. Lautrec alimwondoa mwimbaji mzima akabakiza glavu, na hakuna aliyeuliza ni za nani.

Nyumbani kwa Yvette kulichafuka. Jamaa na marafiki walisema ametukanwa, wakamshauri aende mahakamani. Hakwenda. Aliketi akatia sahihi yake katika nakala zote 100.

Jambo hili tumelijadili sana katika chama chetu, wala si kwa sababu ya Paris. Mwaka huu niliombwa kuchora picha za kurasa za muziki za jarida hili, nami nikamchora kiongozi wa kwaya yetu, yule mwenye sauti inayofika mpaka jikoni. Anapoimba huinua kidevu na kufumba jicho moja. Nilichora kidevu na jicho, basi. Wenzangu waliutambua mchoro hata kabla sijamaliza. Yeye aliutazama kimya, kisha akaomba usichapishwe. Kamati iligawanyika. Wengine walisema sanaa ni sanaa, na kwamba Yvette mwenyewe alikuja kukubali. Mimi nilisimama upande wa mwenye sura. Yvette alilikataa bango akasikilizwa, ndiyo maana sahihi zake 100 zilikuwa na thamani: hakuna aliyemlazimisha. Mtu akinyimwa nafasi ya kukataa, kukubali kwake ni bure. Hivyo utaona kwaya yetu imewekwa kwa picha ya kawaida, wamesimama mistari mitatu, na mchoro niliurudisha kwa mwenyewe. Walakini sitasema kwamba mchoro ulikuwa uongo.

Kwa sababu, msomaji, hebu tazama picha za Yvette zilizopigwa kwa kamera enzi hizo. Zipo. Ni mwanamke nadhifu, ametulia, anatabasamu kidogo. Ukizitazama hujui aliimba nini. Picha ya kamera siku hizo ilihitaji mtu atulie, na mtu akitulia wimbo unaondoka. Mchoro wa Lautrec unakosea pua lakini unapatia wimbo. Unaona kabisa ni neno gani la kejeli limetoka mdomoni dakika hiyo. Mhariri wa makala ya muziki hadi leo yuko katika njia panda hiyo: aweke picha inayompendeza msanii, au ile inayofanana na muziki wake? Mara chache sana hupatikana moja inayofanya yote mawili.

Kuanzia mwisho wa 1894 Lautrec alichorea jarida jipya la vichekesho, Le Rire, na Desemba mwaka huo alimtia Yvette humo, safari hii kwa rangi na kwa maelfu ya wasomaji. Kazi nyingine alizifanya kwa haraka kama mtu anayejua siku zake zimehesabiwa. Alimchora May Belfort, mwimbaji wa kutoka Ayalandi, na paka mweusi mikononi, gauni lote likiwa rangi moja ya moto. Kwa Loïe Fuller, Mmarekani aliyecheza akizungusha mitandio mirefu chini ya taa za rangi, alichapa nakala zipatazo 60 na kila moja akaitia rangi tofauti, nyingine akazinyunyizia unga wa dhahabu au wa fedha, manake taa zile zilibadilika kila mara na picha moja isingetosha. Kwa Désiré Dihau, mpuliza zumari kubwa la Opera ya Paris, alichora majalada ya nyimbo 14 mwaka 1895, yale makaratasi ya nota yaliyouzwa kwa watu wapige kinanda nyumbani.

Mengine ya maisha yake hayafai kurasa hizi, na mwalimu mlezi wa chama angeyafuta kwa wino mwekundu. Nitasema la pombe tu, kwa sababu ndilo lililomuua pamoja na maradhi aliyoyaokota usiku. Alikuwa na fimbo yenye uwazi ndani, akatia kileo humo. Mapema mwaka 1899 aliingiwa na hofu na mazuka, akapelekwa katika zahanati ya wagonjwa wa akili huko Neuilly. Magazeti yaleyale yaliyokuwa yakichapisha michoro yake yalimcheka. Je, alifanya nini? Aliomba karatasi na chaki. Akachora sarakasi kwa kumbukumbu, michoro 39, farasi, wasichana wa kamba, wachekeshaji, bila kuwa na hata farasi mmoja mbele yake, ili kuwaonyesha madaktari kwamba akili yake ingalipo. Mwezi Mei wakamwachilia. Yeye alikuwa akiwaambia watu kwamba ameununua uhuru wake kwa michoro.

Uhuru haukudumu. Alirudia chupa, afya ikaporomoka, akapata kiharusi, mama yake akamchukua nyumbani kwake Malromé. Huko alifariki dunia tarehe 9 Septemba 1901, akiwa na miaka 36. Alikuwa ametengeneza mabango kama 30 tu, pamoja na mamia ya picha nyingine za kuchapwa na maelfu ya michoro.

Mama yake na rafiki yake wa tangu shuleni, Maurice Joyant, walizikusanya kazi alizoacha wakazipa mji wa Albi, na mwaka 1922 jumba la makumbusho likafunguliwa katika kasri ya zamani ya maaskofu. La Goulue, yule wa sketi nyeupe, alifilisika akafa maskini mwaka 1929. Jane Avril alifariki mwaka 1943. Yvette Guilbert aliishi hadi mwaka 1944, akaimba Ulaya na Marekani, akafundisha, akaandika vitabu. Na lile bango alilolikataa, lililochorwa kwa makaa na rangi, lipo Albi hadi leo, shingo ndefu vilevile, pua juu, na glavu nyeusi mpaka juu ya kiwiko.